Msitu wa Amani, viboko wa Wami

Ijumaa, Tanga

Mizigo iko sebuleni tangu adhuhuri: makoti ya mvua, mabuti ya watoto, chupa mbili za chai, na hotpoti ya vitumbua ambayo Bibi amepiga marufuku isifunguliwe kabla ya Muheza. Likizo ya Juni imeanza. Kesho tunapanda Amani, Jumapili tunateremka na kuelekea Pangani, Jumatatu tunapanda boti kwenye mto Wami, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Baba watoto angependa tuchague kimoja, msitu au mto. Amepiga hesabu ya mafuta kwenye simu, akapiga tena, akanionyesha kioo bila kusema neno. Lakini kila mtoto ana lake. Kifungua mimba yuko darasa la sita, amefundishwa kwamba maji ya mjini hutoka milimani, na sasa anataka kuonyeshwa mlima wenyewe. Wetu sisi watu wa Tanga ni huo wa Amani: mto Zigi unaanzia huko, unateremka hadi bwawa la Mabayani lililojengwa mwaka 1978, na kutoka hapo ndipo tunapopata maji ya bomba. Kitinda mimba ana miaka sita na hoja yake ni fupi: mamba. Mamba wa kuangaliwa ukiwa umekaa kwenye boti wako Wami. Basi tunakwenda kote kuwili.

Bibi, yaani mama yangu mzazi, hakuna aliyemuuliza. Alizaliwa Monga, hukohuko Amani, kwenye kambi ya wachuma chai, na Amani ilipotajwa tu alikuwa ameshatoa kanga za safari.

Jumamosi, Amani

Tumefika Muheza machungwa yakishushwa kwenye baiskeli. Huu ndio msimu wake. Vitumbua vikafunguliwa, na kabla hatujamaliza kulipia machungwa, hotpoti ilikuwa tupu. Hapo tukaiacha barabara kuu.

Kabla ya msitu wenyewe unapita shamba la misaji la serikali, Longuza. Miti imesimama safu kwa safu, chini pametakata. Kitinda mimba akauliza kama tumefika. "Hilo shamba, mjukuu wangu," Bibi akamjibu. "Msitu haupandwi kwa kamba."

Lango liko Sigi. Unaandika jina kitabuni, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, na mtandao ukisusa unasubiri. Kusubiri kwetu hakukuwa kubaya, kwa sababu jengo la mapokezi lenyewe lina historia: lilikuwa stesheni ya treni. Wajerumani walitandaza reli nyembamba kutoka Tengeni mpaka hapa ili washushe mbao hadi kwenye reli ya Tanga. Reli iling'olewa zamani, nyumba ikabaki. Kifungua mimba alizunguka nje kutafuta japo taruma moja, akarudi na matope tu.

Tukapewa mwongozaji, kijana wa kijiji cha jirani, panga kiunoni na darubini shingoni. Akamwamkia Bibi, Bibi akaitika marahaba, na papo hapo akaanza kumhoji ukoo wake. Msitu ukasubiri. Ilipobainika kwamba nyanya yake kijana alichuma chai Kwamkoro, Bibi akaanza kumwita "mwanangu", na hapo ndipo tulipoondoka.

Kutoka Sigi barabara inapanda kwa kona. Joto la Tanga linakuacha kidogo kidogo. Ukifika Amani penyewe, kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, unatafuta sweta. Mwongozaji alitueleza sababu akiwa amekaa kwa kubanwa kati ya watoto wawili. Upepo unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, unagonga ukuta huu wa milima, unalazimika kupanda, unapoa, unamwaga. Ni karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Na kwa kuwa bahari iko palepale, mvua nayo haikukatika. Hata zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita kule Kenya hadi Udzungwa, ilibaki na misitu yake. Viumbe waliobaki humo wakakua kivyao, kila mlima na wa kwake. Ndiyo maana orodha ya wanyama na mimea ya hapa imejaa majina ya Usambara, ndiyo milima hii, na ya Amani na Derema iliyo jirani.

Huyo wa Derema tulimwona kabla ya saa nne. Mwongozaji alisimama ghafla, akanyosha kidole kwenye kijiti cha usawa wa macho, na sote tukatazama bila kuona kitu. Kitinda mimba ndiye aliyemwona wa kwanza: kinyonga wa kijani, dume, mwenye pembe tatu usoni. Nilitarajia mayowe. Badala yake mtoto alinong'ona, "Mama, anatutazama kwa jicho moja moja." Bibi alirudi nyuma hatua tatu. Kwao kinyonga si mnyama wa kusogelewa, pembe tatu au bila pembe, na hakuna maelezo ya kitaalamu yatakayombadilisha.

Niseme wazi kwa anayepanga kuja na watoto: msituni mnyama humwoni, unamsikia. Mbega tuliwasikia wakinguruma upande wa bonde kwa muda mrefu kabla ya kuona mkia mmoja mweupe ukipotea juu ya majani. Kima walitikisa matawi wakaondoka. Hondohondo ndiye asiyejificha. Akiruka, kishindo cha mbawa zake ni cha mtu anayekung'uta mkeka. Anayetaka kuhesabu tembo na twiga atachoka hapa kabla ya saa sita. Anayeweza kusimama mbele ya mti mmoja kwa dakika kumi hatachoka.

Na miti ipo ya kusimama nayo. Mnyasa wenye mizizi iliyopanuka kama kuta (watoto walijificha humo, tukawatafuta kwa sauti). Mtambara ulionyooka hadi shingo inauma. Msambu, ambao matunda yake makubwa huanguka chini na watu huokota mbegu zake kwa ajili ya mafuta. Bibi alisema nyumbani kwao walikamua wenyewe na kupikia. Mwongozaji alitoa jina la Kilatini, Allanblackia. Bibi akatoa bei waliyokuwa wakiuzia sokoni. Wakawa wanaendelea hivyo njia nzima, huyu na jina, yule na matumizi, na mimi nikaona kwamba kwenda msituni na mtu aliyewahi kuufanyia kazi ni bora kuliko kitabu chochote cha picha.

Walibishana mara moja tu, kuhusu iliki. Chini ya miti mikubwa, nje kidogo ya mpaka wa hifadhi, iliki bado inalimwa. Inapenda kivuli, kwa hiyo mkulima haangushi miti mikubwa, anafyeka ya chini. Mwongozaji akasema hapo ndipo hatari ilipo: miti mikubwa inazeeka na haina watoto wa kuirithi. Bibi akasema iliki ndiyo iliyolipa karo za nusu ya watu wa Monga. Wote wawili wana haki. Miaka ya 2000 wakulima wa iliki wa Derema waliondolewa kwa fidia ili kipande kile kiunganishe misitu ya kaskazini na kusini, na Bibi ana ndugu waliokuwa miongoni mwao. Alilitaja hilo, akanyamaza, akachuma jani la iliki akalinusa. Mwongozaji naye hakuongeza kitu. Nilimpenda kwa hilo.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba si kila kilicho kijani hapa ni cha hapa. Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo Amani mwaka 1902, wakaleta miti ya kila pembe ya dunia kuijaribu: mpira, mdalasini, kwinini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, dawa zilipokuwa hazifiki, magome ya kwinini ya Amani yaligeuzwa kuwa dawa ya malaria. Hilo lilikuwa jema. Lakini waliacha pia Maesopsis, ule ambao Waganda huuita musizi, unaokua haraka na kuvamia kila pengo penye mwanga. Nani anaueneza? Hondohondo yuleyule tuliyempigia makofi. Anakula tunda, anaruka bonde zima, anadondosha mbegu. Kifungua mimba akauliza kama hondohondo anajua anafanya kosa. Baba watoto akamjibu kwamba hondohondo anajua kushiba tu.

Mchana tulikula chini ya mti bustanini, muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga tuliotoka nao nyumbani. Majengo ya zamani bado yapo. Baada ya Wajerumani walikuja Waingereza, na baadaye hapa pakawa kituo cha utafiti wa malaria. Leo kiko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Bibi anakumbuka vijana wa kambi waliolipwa kukaa usiku miguu wazi, wakinasa mbu kwenye vichupa kila wanapotua. Kaka yake mkubwa alikuwa mmoja wao. "Na malaria aliugua?" akauliza kitinda mimba. "Aliugua," Bibi akasema, "lakini baiskeli alinunua."

Alasiri tukateremka hadi kwenye kijito. Hapo kwenye mwamba wenye unyevu, nje ya jua, kulikuwa na maua madogo ya zambarau yenye majani manene ya manyoya. Haya ndiyo yanayouzwa kwenye vyungu madirishani huko Ulaya na Marekani. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata yakapewa jina la ukoo wao, Saintpaulia. Bibi aliyaangalia akacheka. "Haya? Tulikuwa tunayapita tukienda kuchota maji." Ukoo uliopata jina ni ule wa aliyeyatuma.

Kifungua mimba alikuwa ameshavua viatu. "Haya ndiyo maji ya bomba letu?" Mwongozaji akasema ndiyo, yanaingia Zigi. Yalikuwa meupe, baridi, changarawe zote zinaonekana. Baba watoto, ambaye siku nzima alikuwa kimya, hapo akachangamka: akatueleza kwamba mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi wa mazingira, mwaka 2024, shilingi bilioni 53.12, kupanua miundombinu ya maji. Kichwani ana takwimu za namna hiyo tele na huwa hapati pa kuzitoa. Nami nikamkumbusha Sakale, dhahabu iliyogunduliwa humu mwaka 2003 na watu wakachimba mpaka kwenye vitanda vya mito, tope likashuka hadi kwetu. Bilioni zote hizo zinategemea kijito hiki kisiguswe na mtu mwenye sururu.

Tumelala nyumba ya wageni ya hifadhi. Taa zikazimwa mapema. Bibi na mlinzi wamekaa barazani wakiongea Kisambaa hadi nikapitiwa na usingizi.

Jumapili, njiani

Leo ni siku ya gari, sitaandika mengi.

Asubuhi tulipita Fanusi, kijiji cha karibu na Sigi, kwenye mradi wa vipepeo. Wanakijiji hufuga vipepeo ndani ya vizimba vya wavu, na zamani walisafirisha mabuu yaliyojifunga kwenda nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Fedha ya kuuza kitu kinachohitaji msitu usimame. Machi 2016 serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, vipepeo nao wakaingia humo. Zuio la biashara ya wanyamapori kukamata kipepeo wa mwanamke wa Fanusi, hilo mimi bado linanikera. Watoto waliingia vizimbani wakatoka na vipepeo mabegani.

Kutoka Muheza tumekata kwenda Pangani, mikonge kulia na kushoto. Mkonge wote huu ulianza ng'ambo ya pili ya mto Pangani, Kikogwe: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapona 62 tu. Kifungua mimba hakuamini, akataka kujua nani aliihesabu.

Pangani tumekula wali na nguru, tumepita mbele ya boma, nimewaambia watoto habari za Abushiri bin Salim aliyewapiga Wajerumani na akanyongwa mjini hapa Desemba 1889. Kisha pantoni. Daraja jipya la mita 525 lilikuwa bado linajengwa, nguzo zimesimama majini, na kila dereva kwenye foleni alikuwa na tarehe yake ya kumalizika. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Bibi alibaki ndani ya gari, vioo juu, akivuta tasbihi. Mto haumtishi, kinachomtisha ni gari kukaa juu ya chombo.

Baada ya Mkwaja tuliingia nchi ya mbung'o. Hapa palikuwa ranchi kubwa ya ng'ombe, na mbung'o ni mmoja wa waliowashinda wenye ranchi. Leo ni sehemu ya hifadhi. Nao wangali na njaa. Walimfuata kitinda mimba kwa sababu ya fulana yake ya buluu. Rangi ya buluu na nyeusi huwavuta. Tukambadilisha fulana gari likitembea. Ngiri, nyani, kuro wawili, na twiga aliyesimama katikati ya njia asitake kuondoka. Tumefika kijiji cha Saadani jua likizama, upepo wa bahari unapiga, tumechoka sote.

Jumatatu, mto Wami

Safari ya boti haiendi kwa saa ya ukutani, inaendana na bamvua na maji kupwa na kujaa. Nahodha alitupigia jana usiku: maji yanaanza kujaa saa tatu kasoro, mfike mapema. Maji yakiwa yamekupwa, mlangoni mwa mto boti hukwama kwenye mchanga, na kukwama mahali penye viboko hakuna anayekutamani.

Kila mtu amevalishwa jaketi la kujiokolea, Bibi akiwemo, juu ya kanga. Nahodha, mtu mzima wa makamo, alitoa masharti kwa sauti ya chini: mkono usitoke nje ya boti, mtu asisimame bila kuambiwa, na nikizima injini mdomo nao unazimwa. Kisha akamgeukia kitinda mimba. "Wewe ndiye msaidizi wangu. Ukiona macho majini, unanigusa bega. Hupigi kelele." Nimewahi kuona walimu wa miaka mingi wakishindwa kupata utulivu ule.

Mwanzo ni mikoko tu. Inafaa uende na mtu anayeijua, la sivyo yote ni kijani kimoja. Nahodha alituonyesha mlilana ulio mbele kabisa kupokea mawimbi, mkoko wenye miguu mirefu iliyoinama, mkandaa, mchu unaotoa chumvi juu ya majani. Alimpa kifungua mimba jani la mchu alambe; uso wake ulijikunja, akataka jingine. Mlangoni hapa ndipo kamba wanapokulia. Kamba wa pwani hii, Saadani hadi Bagamoyo, huingia mikokoni wakiwa wadogo mno, wakikua hurudi baharini. Wavuvi wawili kwenye mtumbwi walikuwa wakikusanya nyavu. Nahodha akapunguza mwendo ili wimbi lisiwasumbue, wakainua mkono.

Tulivyopanda, mikoko ikapungua, mikindu ikaanza, na chumvi ikaisha. Ndege walizidi: yangeyange, mdiria aliyejitupa majini akatoka na samaki, furukombe juu ya mti mkavu akilia ile sauti yake ambayo watoto wanaijua kutoka televisheni. Upande wa kulia, kwenye miti mirefu ya kingo, mbega watano au sita walikuwa wamekaa wazi kabisa, wakila majani, mikia ikining'inia. Juzi Amani tulitembea saa nzima kwa mkia mmoja. Bibi akasema, "Hawa wamelelewa vibaya, hawaogopi watu." Lakini alitabasamu.

Bega la nahodha liliguswa karibu na kona ya tatu.

Sikuona kitu. Maji ya kahawia, kijiti kinaelea. Injini ikazimwa. Kijiti kikapumua. Halafu masikio mawili yakatikisika, na nyuma yake mengine, na mengine, na ghafla pale palipokuwa maji matupu palikuwa na familia nzima ya viboko wakitutazama. Mmoja alifungua kinywa. Watu wengi hudhani ni miayo; nahodha alisema ni onyo, anatuonyesha silaha zake. Alituweka upande wa maji ya kina kifupi, akawaachia kina kirefu. Kiboko akishtuka hukimbilia maji marefu, na ukiwa umekaa kwenye njia yake atapita pale ulipo. "Si mkali kwa kupenda," alisema, "ila hapendi kuzibiwa mlango."

Mchana wote wanakaa majini kwa sababu ngozi yao haivumilii jua. Usiku hutoka kula majani, alfajiri hurudi na kuacha kinyesi mtoni, na kinyesi hicho kinalisha wadudu, wadudu wanalisha samaki. Kitinda mimba alilipenda sana hilo la kinyesi. Amelieleza mara nyingi tangu hapo, mezani pia.

Mamba alikuja baadaye, na hakuwa na haraka. Alikuwa ukingoni kwenye tope, kinywa wazi, mkubwa kuliko boti ilivyokuwa pana. Anapunguza joto kwa njia hiyo. Tulikaa tunamtazama kwa muda ambao mtu mzima angeuona mrefu, naye hakupepesa. Nilimtupia jicho mwanangu: mikono yote miwili imeshika ubao, midomo imebana, hasemi. Safari nzima alikuwa ameomba mamba. Alipompata alinisogelea mpaka akakaa mapajani mwangu, bila kumwondolea macho.

Kurudi, kifungua mimba alikuwa amekaa nyuma, kidole kikiwa karibu na sharti la kwanza. "Mbona maji haya machafu na ya Amani yalikuwa meupe?" Nahodha akacheka, akasema si machafu, yamebeba nchi. Wami unatoka mbali: Kinyasungwe kule Dodoma, Mkondoa wa Kilosa, vijito vya Ukaguru na Nguru, unapita mashamba ya mpunga ya Dakawa na miwa ya Mtibwa kabla ya kufika hapa. Kila anayelima kando yake anampa tope kidogo. Alisema zamani, wakati wa baba yake, kiangazi maji yalikuwa mengi zaidi na bahari haikupanda juu namna hii; siku hizi mikoko anaikuta mahali ambapo haikuwapo. Mimi sina kipimo, namnukuu kama alivyosema. Anapita hapa kila wiki.

Kifungua mimba akafikiri. "Kwa hiyo Zigi nao ukilimwa kingo zote, tutakunywa hivi?" Baba yake akamwambia bwawa lina mitambo ya kusafisha. "Kwa shilingi bilioni ngapi?" akauliza mtoto. Baba watoto alinitazama mimi, mimi nikamtazama furukombe.

Jioni tumetembea kijijini. Saadani ilikuwa bandari ya watu na misafara kabla haijawa hifadhi. Bwana Heri aliitawala hapa na akapigana na Wajerumani kama Abushiri. Leo ni kijiji kidogo cha wavuvi chenye msikiti, ufukwe mrefu, na mashamba ya chumvi pembeni. Tulinunua kamba wabichi kwa wavuvi, Bibi akawapika kwa tui na ndimu kwenye jiko la kuazima. Mwenye jiko alikaa kula nasi, na mwishoni akakataa kulipwa.

Jumanne, kurudi

Tumerudi kwa njia ileile. Kwenye foleni ya pantoni nimeandika haya kwa anayetaka kutufuata, maana nimeshaulizwa na mawifi wawili.

Boti ya Wami iulizie siku moja kabla, kwa sababu ya maji kupwa na kujaa. Usifike tu ukidhani ni daladala. Nguo za khaki au kijani, buluu na nyeusi ziache nyumbani. Amani nenda miezi ya kiangazi ukiwa na gari dogo, maana masika barabara ya kupanda inateleza. Na uchukue sweta hata kama Tanga mnatokwa jasho. Watoto chini ya miaka mitano wanaweza Amani kwa mwendo mfupi, ila boti ningesubiri mpaka waweze kutii neno "kaa" mara ya kwanza. Mwongozaji mchukue, hata njia ikiwa na vibao. Na kama mna mzee wa huko katika ukoo, mpeni kiti cha mbele.

Bibi amepiga simu Monga tukiwa Bweni. Binamu yake yu hai na amevuna iliki. Atakwenda Agosti, kwa basi, kwa wiki mbili, na ameshamwambia kifungua mimba aombe ruhusa kwa baba yake.